Stumai na Mawe Yenye Milango

Kule chini ya Kilimatinde, upande ambao mlima unashuka kwa haraka kama mtu aliyeteleza, aliishi mwanamke mmoja mchonga mawe ya kusagia. Jina lake Stumai, mke wa Mughwai. Waliokuwepo siku aliyozaliwa wanasema alitoka tumboni amekunja ngumi, mkunga akaikunjua kidole kimoja kimoja, akakuta kokoto. Kweli, mkunga yule alikuwa haoni vizuri, lakini kokoto aliishika kwa mkono, hakuishika kwa jicho.

Sifa ya jiwe la Stumai ilikuwa moja: halikutoa mchanga. Nyinyi mnaokula unga wa mashine hamjui taabu hiyo. Jiwe baya linachanganya uwele na mchanga, ukitafuna ugali unasikia kichwani kama fisi anavunja mfupa. Siku zile bibi harusi alikuja kwa mumewe na jiwe lake, na siku ya kwanza ya kusaga, mama mkwe alichota unga kidogo kwa vidole, akafumba macho, akatafuna polepole. Ua mzima kimya, hata kuku. Meno yakilia tu, kesho yake jiwe linarudishwa kwao na maneno juu. Jiwe la Stumai halikurudishwa hata mara moja. Kikongwe mmoja wa Saranda aliyebakiwa na meno mawili alikula ugali uliosagwa kwa jiwe la Stumai msimu mmoja tu, la tatu likaota. Lilikuwa dogo, sikatai, lakini lilikuwa jino.

Mawe yake aliyatoa juu ya kijiji, kwenye Korongo la Muhanga, ambako mwamba wa rangi ya asali umelala tabaka juu ya tabaka kama mikeka iliyopangwa. Na mwamba huo ulikuwa na matundu. Kila tundu lingeingia kidole. Upande mmoja wa jiwe, tundu lilikuwa na ukingo uliotuna kulizunguka, kama mdomo wa chungu kidogo. Ndani lilishuka, likaishia kwenye kijumba cha ukubwa wa njugu. Njia yote hiyo imejaa mchanga mchafu. Upande wenye midomo Stumai aliuita uso, na upande wa pili, usio na kitu, akauita mgongo. Siri yake yote ilikuwa hapo: wengine walisaga juu ya uso, wakala mchanga; yeye aligeuza jiwe, akachonga mgongo. Hata umfunge kitambaa machoni, angepapasa jiwe lolote lililotoka korongoni akakuambia limelala chali au kifudifudi.

Lakini siyo siri hiyo watu waliyoifuata. Watu walifuata moshi.

Shangazi yake aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba matundu yale yalitobolewa na dudu mla-mawe, na kwamba dudu hilo bado limo ndani, limenyamaza tu. Basi Stumai kila jiwe alilolichonga alilifukiza siku tatu kwa kinyesi cha ng'ombe na majani mabichi, analizunguka huku anakohoa na kulitukana dudu matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wakwe. Alisimulia kwamba mwanamke mmoja wa Manyoni aliondoka na jiwe kabla halijafukizwa. Walipoamka asubuhi, jiwe limebaki ukubwa wa yai, na dudu limeketi pembeni linapiga mbweu. Baada ya habari hiyo nani angetaka jiwe la mtu mwingine? Wanawake walitembea siku mbili kuja kuangalia moshi. Moshi ndio uliomfanya Stumai awe Stumai.

Hapakuwa na shida kijijini ila moja, nayo ilikuwa maji. Chini kabisa ya korongo palikuwa na mahali ambapo mwamba ulidondosha maji, tone, unasubiri, tone. Ulikwenda na mtoto mgongoni, ukarudi anatembea. Theodora, dada yake Mughwai, alikuwa akisema amesuka vichwa vya wanawake wote wa kijiji pale akisubiri zamu, kisha akavifumua, akavisuka upya, kibuyu bado nusu.

Miaka miwili baada ya nzige, ikaja habari kutoka bomani: serikali itachimba kisima. Shimo moja. Likitoka maji, heri. Likiwa kavu, wachimbaji wanafunga sururu zao wanakwenda kijiji kingine, na hapa hawarudi tena. Kabla yao angekuja mzungu wa mawe kutoka Dodoma kuchagua mahali.

Alikuja kweli, mwembamba, miguu mirefu kama korongo ndege, nyundo kiunoni. Alikuwa akilipita jiwe analigonga, akiliona jingine analigonga, kwa hiyo hata kabla hajafungua hema walikwisha kumpa jina: Bwana Gongagonga. Kiswahili alikijua, ila alikisema kama anakisoma kwenye karatasi iliyo mbali.

Siku ya pili aliona moshi, akaufuata mpaka uani kwa Stumai.

"Hodi. Mama, unapika mawe?"

"Karibu bwana. Siyapiki. Naua wadudu."

"Wadudu wapi?"

"Wamo ndani ya matundu. Ukitega sikio unawasikia."

Bwana Gongagonga akainama, akatega sikio kwenye jiwe la moto, akaungua. Mughwai aliyekuwa anashona kamba ya ngozi akageuka upande wa pili ili acheke vizuri. Mzungu naye akacheka, sikio jekundu, kisha akachukua jiwe ambalo halijafukizwa, akapitisha kidole kwenye midomo ya matundu moja baada ya jingine, kwa adabu, kama anayesalimia watu.

"Mama, mwenye nyumba hii alikufa zamani sana. Kabla ya babu wa babu. Jiwe hili lilikuwa tope. Alichimba kwenye tope, tope likakauka, likafunikwa, likawa jiwe. Mwili wake umeoza, haupo. Nyumba yake imebaki."

"Na wewe ulikuwepo?" Stumai akauliza.

"Sikuwepo. Nasoma alama. Mume wako akiona kwato njiani, si anajua?"

Mughwai, ambaye kazi yake ilikuwa kufuata ng'ombe waliopotea, akaacha kamba. "Najua. Najua ni dume au jike, amepita lini, alikuwa anakimbia au anakula. Ng'ombe mwenyewe sijamwona."

"Na mimi vivyo hivyo. Kwa matundu haya najua hapa palikuwa pembeni ya ziwa. Maji hayakuwa marefu, maana huyu mdudu hapendi kina. Tope lilikuwa laini, lakini si la kutiririka, maana nyumba ingebomoka."

"Kumbe ni kazi moja," Mughwai akasema, "ila ng'ombe wako, bwana, amepotea muda mrefu!"

Wakacheka wanaume wawili. Stumai hakucheka. Akatupa kinyesi kingine motoni, moshi ukawafukuza wote wawili.

Baada ya siku chache Bwana Gongagonga aliwaita watu pale panapodondoka maji akawaonyesha mambo. Maji yalitoka kwenye mwamba uleule wa matundu. Mchanga uliojaa ndani ya matundu uliyapitisha, na chini yake udongo wa mfinyanzi uliyazuia yasizame. "Mwamba huu ni mkeka mmoja," akasema. "Huku chini mnauona. Lazima uko chini ya kijiji pia. Tukiukuta, maji tumeyakuta. Natafuta mahali ulipo karibu na juu, tusichimbe sana." Akaondoka anagonga.

Stumai akabaki nyuma kukinga kibuyu. Ilikuwa zamu yake ya kusubiri, na anayesubiri huangalia chini. Kwenye tope lililolowa kwa matone palikuwa na vitundu. Kila kitundu kina ukingo umetuna kukizunguka, kama mdomo wa chungu kidogo. Akachomeka kijiti, akafukua taratibu: njia inashuka, inaishia kwenye kijumba cha ukubwa wa njugu, na ndani kijidudu cheusi chenye mikono kama majembe kinamtazama kwa hasira.

"Toba!" Stumai akasema.

Alikaa pale mpaka kibuyu kikafurika na kumwagika, jambo ambalo halikupata kutokea tangu kijiji kianze. Mlango juu, chumba chini. Tope likikauka, uso wa jiwe. Miaka yote anafukiza maiti zisizokuwepo! Akakitazama kijidudu, akakifunika kwa tope, akajiambia hili limwishie hapa hapa. Moshi ni wake. Nani angemtaka Stumai asiye na moshi?

Na angekaa kimya mpaka leo, kama si Jumbe Zefania.

Jumbe Zefania alikuwa mtu mzuri mwenye ugonjwa mmoja: kila kitu chema alitaka kikae nyuma ya nyumba yake. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya korongo, penye mwamba mweusi mgumu. Alimwalika Bwana Gongagonga, akamchinjia jogoo, na baada ya jogoo wa pili akampeleka nyuma ya nyumba kumwonyesha bamba kubwa la jiwe la rangi ya asali, pana kama kitanda, limelala ardhini, na juu yake matundu tele.

"Bwana, mkeka wenyewe si huu? Uko juu kabisa. Hata kuchimba ni dhambi."

Mzungu alikuwa ameshiba, jua kali, na kesho kutwa anatakiwa Dodoma. Akaligonga, akafurahi, akaandika kwenye kitabu chake. Jumbe akapiga ngoma ya mkutano ili watu wote washuhudie mti wa alama ukisimikwa.

Watu wakaja. Stumai akaja amechelewa, vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Akapenya mbele, akalitazama bamba. Yale hayakuwa matundu. Hayakuwa na midomo. Yalikuwa mapana na mafupi, kama vibakuli. Vilikuwa ni vijumba vya ndani, mvua imekula jiwe mpaka vikafunuka. Jiwe limelala kifudifudi! Mwamba gani mzima unajilaza kifudifudi? Hili lilianguka kutoka ukingo wa juu wa korongo, likapinduka, likatua hapa juu ya mwamba mweusi. Chini yake hamna mkeka wala maji, wala mwana wa maji.

Akisema, moshi umekwisha. Asiposema, shimo la pekee litachimbwa kwenye mwamba mkavu.

Bwana Gongagonga akainua mti wa alama.

"Bwana," Stumai akasema, "usisimike. Jiwe hili limeanguka."

Jumbe akageuka. "Mama, salamu kwanza."

"Shikamoo Jumbe. Limeanguka."

"Marahaba. Limeanguka lini? Mimi nimelikuta, baba yangu amelikuta."

"Hata babu yako amelikuta, limeanguka kabla yake. Tazameni. Hivi juu ni vyumba. Milango iko chini, imebanwa na ardhi. Jumbe, wewe ungejenga nyumba ukaweka mlango chini na chumba juu angani?"

Watu wakacheka. Jumbe hakucheka. "Vyumba! Wewe mwenyewe umetuambia miaka yote ni dudu mla-mawe. Limegeuka fundi nyumba leo?"

Hapo ndipo Theodora alipopata nafasi aliyoingoja tangu kaka yake alipooa. "Ehe, wifi! Hebu tueleze. Kama hakuna dudu, ule moshi wote ulikuwa wa nini?"

Stumai akawatazama wanawake waliotembea siku mbili kwa ajili ya moshi ule.

"Moshi ulikuwa wa mbu," akasema. "Dudu mla-mawe hakuna. Nilidanganywa, nikawadanganya. Matundu haya yalichimbwa na kijidudu kwenye tope, na ndugu zake wapo hadi leo pale tunapokinga maji. Nendeni mkafukue. Mlango juu, chumba chini. Bwana aliniambia, sikutaka kusikia. Sasa namwambia yeye, asikie."

Bwana Gongagonga alikwisha kulala kifudifudi kama jiwe lenyewe, shavu vumbini, mkono umepita chini ya bamba, anapapasa. Alipoinuka uso ulikuwa mwekundu kuliko siku ya moshi. "Midomo iko chini," akasema. "Jumbe, nimekula jogoo wako bure. Mama amesoma, mimi nimeshiba." Akamgeukia Stumai. "Uko wapi mkeka uliolala chali?"

"Juu ninakochonga, milango yote inatazama mbingu. Na chini panapodondoka, nayo inatazama mbingu. Ncha mbili hizo; sasa wewe vuta kamba."

Wakavuta kamba kwa macho kutoka juu mpaka chini, mzungu akapima na kuandika, akatembea, akarudi, mwisho akasimama na kusimika mti. Aliposimama palikuwa katikati ya zizi la mbuzi la Theodora.

"Hapa? Maji kwenye mavi ya mbuzi wangu?" Theodora akashika kiuno. "Wifi, likitoka tone hapa, nitabeba jiwe lako la kusagia mgongoni mpaka Kilimatinde kanisani na kurudi, na njiani napiga vigelegele!"

"Na lisipotoka," Stumai akasema, "nyundo yangu yako. Sichongi tena."

Mughwai akamvuta kando. "Mama Luciana, nyundo ile ni ya shangazi yako."

"Baba Luciana, najua ni ya nani. Niache."

Wachimbaji wakaanza. Urefu wa mtu mmoja, vumbi. Urefu wa watu wanne, vumbi jekundu. Urefu wa watu saba, kokoto, na wachimbaji wanasema huko chini wanasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakikohoa. Jumbe Zefania alikuja kila asubuhi, anachungulia, anasema "Hm," anaondoka. Theodora alikuja kuazima nyundo avunjie mfupa wa supu, "nizoee mpini mapema, wifi." Wateja hawakuja. Uani hakuna moshi, na Stumai kila jioni alisikia kimya cha ua wake kuliko kelele za sururu. Alipungua mpaka kanga ikamzunguka mara tatu, na alianza kuota midomo midogo ya matundu inamcheka.

Siku ya arobaini na moja, mchana, sururu ikalia chini *ngaa!* Sauti ya jiwe. Mchimbaji akapiga kelele: "Mwamba! Rangi ya asali!"

Watu wakakimbia. Stumai hakukimbia. Alisimama mlangoni kwake na nyundo mkononi.

"Una matundu?" Mughwai akauliza kwa sauti ndani ya shimo.

"Unayo!"

"Yana midomo?"

Mchimbaji anapangusa. "Yana midomo! Inanitazama mimi!"

Stumai akaketi chini palepale. Milango inatazama mbingu: mkeka umelala chali. Wachimbaji wakaweka patasi, wakagonga mara moja, mbili, na mchanga ndani ya tundu la kwanza ukasukumwa nje kama mtu anayepiga chafya. Kisha la pili. Kisha yote. Maji yakatoka kila mlango, kama mji mzima umeamka pamoja na kufungua nyumba. Mchimbaji alipandishwa kwa kamba maji yamefika kiunoni, na wapo wanaoapa kwamba kijidudu cheusi kilipanda naye kamba ileile, kikasimama ukingoni, kikatazama huku na huku, kikasema, "Nimelala kidogo tu." Mimi sikukisikia. Nawaambia walichoniambia.

Bwana Gongagonga alipopata habari huko Dodoma alituma barua, na Jumbe Zefania ilimbidi aisome mbele za watu kwa sauti. Ilikuwa fupi: alitaka bamba moja zuri lenye milango, la kuweka ofisini, na asante kwa mama aliyesoma.

Ikabaki deni la maneno. Theodora alijaribu kuumwa mguu, akajaribu kuumwa mgongo, lakini wanawake wote walikuwa mlangoni kwake tangu alfajiri, maji wameshachota, hawana tena pa kusubiri. Wakamfunga jiwe mgongoni kwa kanga kama mtoto.

"Wifi, umenichagulia zito!"

"Nimekuchagulia lisilotoa mchanga. Panda."

Akapanda mlima. Kila kona anasimama, anapumua, anapiga kigelegele kimoja kilichochoka, na nyuma yake wanawake wanamjibu kwa vigelegele vizima. Kule juu, mabibi wa Kilimatinde wakatoka kuuliza jiwe hilo ni la nani.

"La wifi yangu," Theodora akasema, jasho linamtiririka. Na kwa kuwa alikuwa amelibeba njia nzima, likawa lake pia, akaanza kulisifu. "Hili! Hili halihitaji hata moshi. Mwenye kulichonga anajua mpaka chumba cha kulala cha mdudu."

Siku tatu baadaye walikuja wanawake sita kutoka Kilimatinde, wakakuta Stumai anachonga.

"Shikamoo mama. Tumefuata mawe."

"Marahaba. Karibuni."

Wakatazama ua, wakatazamana. Mmoja wao, mdogo, akajipa moyo. "Mama, tumesikia hamna dudu. Lakini... huwezi kutufukizia kidogo tu? Mama mkwe wangu atauliza."

Stumai akamwangalia Theodora, aliyekuwa anateka maji kisimani, mgongo bado umepinda. Theodora akatua ndoo, akaingia zizini alikohamishia mbuzi wake, akarudi na kinyesi kikavu mikono miwili.

"Fukiza, wifi," akasema. "Mbu wapo."